Nasoma jiolojia mwaka wa kwanza, nijiandae vipi na kazi za huko mbele?

lulu_ya_mwamba:
Wakuu habari zenu, shikamooni mlionitangulia. Nimeanza mwaka wa kwanza jiolojia na naipenda kweli, sikuingia huku kwa kukosa nafasi kwingine, niliichagua mwenyewe tangu niliposoma habari za zile chembe za madini ya zikoni za Jack Hills kule Australia zenye umri wa karibu miaka bilioni 4.4 nikabaki najiuliza ivi mtu anawezaje kupima kitu kama hicho. Darasani naelewa, ila kila nikiongea na waliomaliza naambiwa mambo mawili yasiyopatana. Wengine wanasema jiolojia ni migodi tu, bei ya madini ikishuka mnaachishwa wote kwa mpigo. Wengine wanasema kazi zipo nyingi ila wanaomaliza hawajui kitu, wamebeba cheti tu.

Naomba mnaofanya hizi kazi mnieleze, hii miaka ya chuo niweke nguvu wapi? Hesabu zangu ni za wastani, siziogopi ila sio moto sana. Kuchora ndo naweza. Na vifaa ninunue vipi mwanzoni maana orodha tuliyopewa ni ndefu mno. Alafu kuna mwenzangu ananiambia nisome mambo ya kompyuta kuliko mawe maana ndo dunia inakoenda, ni kweli?

nyundo_na_lenzi:
Marahaba mdogo wangu, karibu sana. Mimi nipo kwenye utafutaji wa madini kwaiyo naongea kutoka huku, watu wa maji na wa ujenzi watakuja kusema yao.

Kuchora umekutaja kama kitu kidogo na kumbe ndo mtaji wako. Siku nyingi kazi yetu ni kuangalia, kupima na kuandika, basi, na wengi wanaofeli intavyu za kwanza wanafelia hapo hapo, anapewa kipande cha mwamba anaulizwa unaona nini, yeye anakimbilia jina. "Hii ni graniti." Hakuna aliyemuuliza jina! Tuambie chembe zina ukubwa gani, zimeshikana vipi, madini yapi unayatambua na kwa dalili gani, kuna mshipa umekatiza au hakuna, umeoza kiasi gani. Jina linakuja mwisho, na mara nyingine halina umuhimu wowote, mwenye mradi anataka kujua kama mwamba umebadilishwa na maji ya moto yaliyopita humo zamani maana yale maji ndo yanayobeba dhahabu na shaba.

Daftari lako la fildi lilinde kuliko simu. Kila unaposimama andika mahali, tarehe, ulichokiona, tabaka linaelekea wapi na limeinama nyuzi ngapi, alafu mchoro wenye kipimo na upande wa kaskazini. Na ujizoeze mapema kutenganisha ulichoona na unachofikiri, mimi nagawa ukurasa, kushoto macho kulia mawazo. Kuna Mmarekani T. C. Chamberlin aliandika mwaka 1890 kwamba mtafiti abebe maelezo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja asije akalipenda moja akawa haoni mengine, na hilo mpaka leo ni dawa. Ukiona mpasuko mmoja, yaani mahali mwamba ulipokatika pande zikasogea, ukaamua kila kitu ni mpasuko, utachora ramani nzuri ya uongo.

Kazi ya kwanza utakayopewa kwenye kampuni za utafutaji ni kusoma koa, vile vipande virefu vya mwamba mviringo vinavyotoka kwenye mtambo wa kuchoronga. Unakaa na maboksi unaandika mita kwa mita. Watu wanaidharau hii kazi na mimi naiheshimu sana, hapo ndo utajifunza jiolojia kuliko popote, maana huwezi kudanganya, mwamba upo mbele yako na mwenzako kesho atausoma tena. Ukishaandika, koa inakatwa kwa urefu, nusu inaenda maabara na nusu inabaki kwenye boksi kama ushahidi. Usione ni utaratibu tu. Bre-X ile kampuni ya Kanada iliyosema ina dhahabu nyingi ajabu Busang kule Indonesia, wao walikuwa wanasaga koa yote bila kubakiza nusu, na mwaka 1997 walipokuja watu wengine kuchoronga pembeni ya mashimo yale yale hawakukuta dhahabu ya maana, sampuli zilikuwa zimechanganywa dhahabu ya kutoka nje. Wawekezaji walipoteza mabilioni ya dola. Baada ya hapo Kanada ikaweka kanuni ya NI 43-101 iliyoanza kazi 2001, na Australia wana JORC, zote zinataka ripoti ya hazina ya madini isimamiwe na mtu mwenye sifa. Kwa JORC huyo mtu anatakiwa awe mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambulika na awe na uzoefu usiopungua miaka 5 kwenye aina hiyo ya madini. Kwaiyo ukiwa bado chuoni tafuta uanachama wa mwanafunzi kwenye chama cha wanajiolojia wa kwenu, unaanza kujenga jina mapema.

Vifaa: lenzi ya mkononi ya mara 10, iwe nzuri, hiyo usibane pesa. Daftari gumu. Penseli. Kikokotozi unacho. Kompasi yenye klinometa, kile kipimo cha mwinamo, chuo kinayo, azima. Nyundo iwe ya jiolojia kweli, ile ya seremala usipigie mawe maana chuma chake kinaweza kurusha vipande, na miwani ya kukinga macho kila unapopiga. Vingine vyote vitasubiri.

chemchemi:
Bro nyundo umeongea vizuri ila umemuacha dada wa watu anaamini jiolojia ni koa na dhahabu tu. Lulu nisikilize na mimi, niko kwenye maji ya ardhini.

Bei ya madini inapanda na kushuka, hilo walokwambia ni kweli kabisa, na mafuta ndo usiseme, katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100 mwanzoni mwa 2016 likawa chini ya dola 30, wajiolojia wengi wa mafuta dunia nzima walirudi nyumbani. Lakini watu hawaachi kunywa maji kwa sababu bei imeshuka. Visima vinahitajika, maji yanachafuliwa na madampo na matangi ya mafuta yanayovuja chini ya ardhi na lazima mtu aseme uchafu unaelekea wapi na utafika lini. Huyo mtu ni wewe.

Na hesabu yake haitishi kama unavyodhani. Msingi wote umekaa kwenye kanuni ya Darcy, mhandisi Mfaransa aliyepitisha maji kwenye nguzo za mchanga mjini Dijon akachapisha mwaka 1856, kwamba maji yanayopita yanategemea jinsi mwamba unavyopitisha, ukubwa wa eneo linalopitiwa na tofauti ya usawa wa maji kwa umbali. Kuzidisha na kugawanya. Ugumu uko kwenye kujua mwamba wako unapitisha kiasi gani, maana kati ya udongo wa mfinyanzi na changarawe tofauti ni mara mamilioni, na hapo ndo unarudi kwenye jiolojia, tabaka la mfinyanzi limeishia wapi, mchanga wa mto wa kale umepita wapi. Mtu anaejua kanuni bila kujua tabaka anatoa jibu zuri lenye namba nyingi na kisima kinatoka kikavu.

Kwaiyo kozi ya haidrojiolojia, yaani jiolojia ya maji ya ardhini, usiiruke hata kama ni ya hiari. Na mafunzo kwa vitendo ukipata nafasi kwenye jaribio la kusukuma maji kisimani nenda, hata kama kazi yako itakuwa kushika kipimo na kuandika kina usiku kucha. Ukiona mwenyewe maji yanavyoshuka haraka mwanzoni alafu yanapunguza mwendo, ile michoro ya darasani itakaa kichwani moja kwa moja.

lulu_ya_mwamba:
Asanteni sana kaka zangu. Hilo la kugawa ukurasa naanza nalo wiki hii. Kaka chemchemi kumbe kuna hesabu ambayo naiweza!! Ila sasa kuna jambo sijalipata, jiolojia ya ujenzi inahusu nini hasa, si kuna wahandisi? Na kwenye kambi za fildi wasichana inakuaje, naomba mwenye uzoefu aseme bila kuficha.

dada_wa_handaki:
Lulu mdogo wangu hayo yote mawili yananihusu, nafanya kwenye mahandaki na mabwawa.

Mhandisi anachora bwawa, lakini bwawa linakaa juu ya mwamba na maji yake yanalowesha miteremko ambayo hakuichora mtu. Soma habari za Vajont kaskazini mwa Italia. Ukuta wa zaidi ya mita 260, kazi ya uhandisi iliyosimama, na mpaka leo umesimama. Tarehe 9 Oktoba 1963 usiku ubavu wa mlima Toc uliteleza ndani ya ziwa la bwawa, mita za ujazo kama milioni 270 kwa pamoja, maji yakaruka juu ya ukuta yakafuta vijiji vya bondeni na karibu watu 2,000 wakafa. Ule mlima ulikuwa umeshaanza kusogea kabla na watu walikuwa wanaupima. Ndani yake kulikuwa na tabaka nyembamba za mfinyanzi katikati ya mawe ya chokaa, zimeinama kuelekea bondeni. Nyembamba! Kitu ambacho mtu anaepita haraka anakiona ni mstari wa uchafu. Kila nikifundisha vijana wapya naanza na hiyo, sio kuwatisha, nataka waone kwamba kupima mwinamo wa tabaka ni kazi yenye watu nyuma yake.

Kila siku kazi yetu ni kumwambia mhandisi mwamba huu una nguvu kiasi gani na umevunjika kiasi gani. Kuna kipimo rahisi cha RQD alikileta Don Deere miaka ya 1960, unachukua koa ya urefu fulani unajumlisha vipande vizima vyenye sentimita 10 na kuendelea unagawanya kwa urefu wote. Koa ya mita 3, vipande vyenye sifa jumla mita 2.1, basi ni asilimia 70. Ila lazima ujue kutofautisha mwamba uliovunjika ardhini na uliovunjwa na mtambo au na mbebaji wa boksi, na hilo kitabu hakikufundishi, unaangalia uso wa mvunjiko, kama ni mpya na una makali au una kutu na udongo ndani. Chukua kozi ya jiolojia ya miundo kwa moyo wote, mikunjo na mipasuko, ndo inayobeba madini, maji na ujenzi kwa pamoja. Na mekanika ya udongo, hata kama ipo kwenye kitivo cha uhandisi omba uiingie.

Kuhusu kambi. Wasichana tupo na tunafanya kila kitu. Lakini usikubali kitu kinaitwa "ndo fildi ilivyo" kila unapouliza. Kabla hamjaondoka muulize kiongozi wazi wazi, choo kipo wapi, mnalala vipi, mawasiliano yapo au hayapo, kuna mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, nani nimwambie nikisumbuliwa na asipokuwa yeye nani mwingine. Kambi nzuri ina majibu tayari. Kiongozi akikasirika kwa kuulizwa hayo, umeshapata jibu lako. Niliwahi kufanya mafunzo sehemu ambayo kwenda haja ilibidi kutembea mbali peke yako gizani na kulalamika kulionekana udhaifu, na nikiwa mimi ndo kiongozi sasa hiyo haitokei kwenye kambi yangu. Fildi usiende peke yako, awe mvulana awe msichana, na kila anaetoka aache maelezo anapita wapi na anarudi saa ngapi. Na usisimame chini ya genge lenye mawe yamelegea eti upate picha nzuri.

variogramu:
Naomba niingie kwenye swali la kompyuta maana limerukwa na ndo linalonilisha.

Lulu hakuna cha kuchagua hapo kati ya mawe na kompyuta, aliekwambia hivyo hajawahi kukaa na data za uchorongaji. Mimi natengeneza makadirio ya hazina, napewa mashimo labda mia mbili kila shimo lina vipimo vya kila mita moja, natakiwa niseme katikati ya mashimo kuna nini. Hii fani ilianzia kwa Danie Krige mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini aliyekuwa anahangaika na dhahabu ya Witwatersrand miaka ya 1950, Mfaransa Georges Matheron akaja kuipa misingi ya hesabu na ile njia akaiita krigingi kwa heshima yake. Leo programu inaifanya ukibonyeza. Tatizo ni hilo hilo, itakubonyezea hata ujinga. Kama hukujua kwamba kuna mpasuko unakata mshipa katikati, programu itaunganisha pande mbili ambazo hazijawahi kuwa kitu kimoja na itakuchorea picha ya rangi inayovutia.

Kwaiyo jifunze takwimu vizuri, sio ya kukariri. Wastani unadanganya kwenye dhahabu maana chembe moja kubwa ikiingia kwenye sampuli inapandisha kila kitu. Jifunze QGIS ni ya bure na kazi karibu zote za ramani utazifanya humo. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kiasi cha kusafisha jedwali lenye makosa, maana muda mwingi unaenda hapo, mtu kaandika kina cha mwisho kidogo kuliko cha mwanzo, shimo moja limeingizwa mara mbili, viwianishi, zile namba za mahali kwenye ramani, vimegeuzwa. Huna haja ya kuwa mtaalamu wa programu. Ukifika mwaka wa tatu chukua ramani yako uliyochora kwa mkono fildi, iingize kwenye QGIS, tengeneza ya kidijiti yenye maelezo kamili, na hiyo ukaombee kazi. Naajiri watu, na sivii yenye orodha ya programu kumi hainisaidii, nionyeshe kitu kimoja ulichokimaliza mwenyewe.

nyundo_na_lenzi:
Variogramu nakubaliana na wewe karibu kote ila hapo pa Python mwaka wa kwanza mimi ningemuacha kwanza. Kuna vijana napokea wanachora modeli za pande tatu nzuri kabisa na hawajui mwinamo unaoonekana kwenye ukuta uliokatwa mshazari sio mwinamo wa kweli, tabaka lile lile linaonekana limelala zaidi kuliko lilivyo. Mwaka wa kwanza na wa pili macho na mikono. Kompyuta utaikuta inakusubiri.

variogramu:
Mwaka wa kwanza akijifunza kidogo kidogo haimzuii kwenda fildi mkuu, mvua ikinyesha kutwa atafanya nini? Ila la mwinamo uko sahihi, nalikuta kila mwaka.

chemchemi:
Na niongeze, msifikirie kazi ni hizi tatu tu. Jotoardhi, nishati ya joto la chini ya ardhi, inataka wajiolojia, ilianza zamani sana, Larderello Italia waliwasha taa kwa mvuke wa ardhini 1904. Kuna kuhifadhi hewa ukaa chini ya ardhi, Norway kwenye eneo la Sleipner walianza kuisukuma chini ya bahari 1996, miaka ya mwanzo ilikuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka, na maarifa yake ni yale yale ya watu wa mafuta, mwamba wenye matundu chini na mwamba usiopitisha juu yake. Walioachishwa mafuta wengine wameenda huko. Ndo maana nasema somea msingi, usisomee dini ya madini moja.

kimya_kidogo:
Habari, mimi sio mwenye uzi ila nina swali na naona aibu kuliuliza chuoni. Nimeomba kusoma jiolojia na nimepimwa macho nikaambiwa sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Naona video za hadubini zina rangi nyingi sana, nimeanza kufikiria kubadilisha. Nibadilishe?

dada_wa_handaki:
Usibadilishe kwa sababu hiyo mdogo wangu, wala hakuna aibu, hali hiyo kwa wanaume sio adimu na tunafanya kazi na watu kama wewe.

Kwenye fildi rangi ndo dalili dhaifu kuliko zote, kwatzi peke yake inakuja nyeupe, waridi, zambarau, ya moshi. Ugumu, namna inavyopasuka, uzito mkononi, mng'ao, sumaku, asidi, hizo hazitaki macho ya rangi. Kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa, inachemka ikidondoshewa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji na inapasuka pande tatu zilizolala mshazari, kwatzi haina mpasuko wa mpangilio kabisa inavunjika kama chupa. Galena, madini ya risasi, ukiishika tu uzito unakwambia. Pairoksini na amfiboli ni madini meusi yanayofanana, ila pairoksini pande zake mbili za mpasuko zinakutana karibu nyuzi 90, amfiboli zinakutana kama 56 na 124, hiyo unaipima hata kwenye picha nyeusi na nyeupe.

Hadubini ndo itakusumbua kidogo, sitakudanganya. Ile slaidi ya mwamba iliyosagwa mpaka milimita 0.03 inatoa rangi kwenye mwanga uliopolaizwa na maswali mengine ya mtihani yanategemea rangi hizo. Muone mwalimu wa maabara wiki ya kwanza, kabla ya mtihani sio baada, mwambie hali yako na uombe ufanye na mwenzako anaekutajia rangi wewe unafanya pembe ya kuzimika, yaani ukizungusha slaidi madini yanakuwa giza kwenye pembe gani, umbo na mpasuko. Kuna programu za simu za kutaja rangi uliyoielekezea kamera, uliza kama unaruhusiwa. Na ukifika kwenye hadubini ya elektroni ile picha inatoka kijivu kwa wote, penye elementi nzito panang'aa zaidi.

Kwenye kazi sema tu mapema ili mpangiane, kusoma koa mita kwa mita rangi ya kubadilika kwa mwamba inaandikwa, sasa hiyo unashirikiana na mwenzako au unalinganisha na kadi ya rangi iliyo na namba. Kwa upande wangu kijana anaepima mwinamo sawasawa nampokea kesho.

kimya_kidogo:
Nashukuru sana dada. Mwalimu wa maabara nimuandikie barua pepe sasa hivi au nisubiri nifike?

dada_wa_handaki:
Mwandikie sasa, fupi tu, taja hali yako na uliza somo la hadubini linaanza muhula gani. Ambatanisha cheti cha macho.